Kilichokaa Ndani ya Darubini

Mvua ya Kuala Pilah haina upendeleo. Ikishuka jioni kutoka milimani inampiga mwenye gari na mwenye baiskeli, inapiga msikiti, inapiga hekalu la Wachina, na nguo za kila mwanamke aliyechelewa kuanua zinalowa chapachapa. Kwa hiyo Hasnida alipotoka uani magharibi ile na kuona maji yanamwagika kwa kishindo juu ya bati la jirani, kisha yanakomea kwenye seng'enge, na upande wake vumbi halijaguswa hata na tone, alisimama na upawa mkononi akaangua kicheko.

"Fadhli! Hebu njoo uone vituko!"

Mumewe akatoka na msuli wake, shavu limejaa wali. Akaitazama mvua ya jirani, akautazama ua wao mkavu, akameza.

"Basi leo unapiga picha," akasema. "Kuku wako kakuombea dua."

Huyo kuku hakuwa wa kufuga. Ni wingu la gesi inayowaka mbali huko kusini, chini ya nyota za Msalaba, na wapenda nyota wanaliita Kuku Anayekimbia. Hasnida alikuwa na duka la dawa mjini, na mchana mzima alikuwa mtu wa vidonge na sharubati za kikohozi, lakini moyo wake ulikuwa kwa yule kuku. Amemwinda misimu kadhaa. Kila akisimamisha darubini, wingu. Akifungua kamera, radi. Malaysia si nchi ya kupenda nyota, ukizipenda utaumia roho.

"Mke wa mwenzangu ananunua dhahabu," Fadhli alizoea kusema. "Wangu ananunua vioo apige picha ya kuku asiyelika."

"Utakula mchuzi wake siku moja, Baba Kijacho. Subiri tu."

Baba Kijacho, kwa sababu Hasnida alikuwa na mimba. Baada ya miaka mingi ya kungoja, ya kuchunguzwa na ya kuulizwa na kila shangazi kila Idi, tumbo lilikuwa limechomoza, na mtoto alishaanza kucheza. Alikuwa akicheza sana jioni, baada ya chakula, mpaka nguo ya mama yake inatikisika.

Sasa sikiliza kazi yenyewe inavyofanyika, maana bila kuielewa hutajua balaa liliingilia wapi. Taa za mji ni adui wa nyota. Hasnida alikuwa na vichujio vitatu, vioo vya duara vya kutosha kwenye kiganja. Kimoja kinapitisha wekundu wa haidrojeni tu, cha pili kijani-buluu ya oksijeni, cha tatu wekundu mzito wa salfa. Taa ya barabarani ibishe hodi, taa ya msikiti ibishe, hakuna kufunguliwa. Unaiacha kamera imekodoa jicho dakika kadhaa kwa kila picha, unapiga nyingi, kisha kwenye kompyuta unazipanga moja juu ya nyingine mpaka kuku anajitokeza.

Lakini kamera nayo ina uchafu wake, vijidoa na mng'ao unaotoka ndani yake yenyewe. Dawa yake ni picha za giza. Unaifunika darubini, unapiga picha za giza tupu kwa muda uleule na kwa baridi ileile. Kilichoonekana gizani ni cha kamera, si cha mbinguni, basi unakitoa kwenye kila picha ya anga. Sharti lake ni moja tu, giza liwe giza kweli.

Na kifuniko cha Hasnida kilikuwa kimepasuka.

Mchana wa siku ile, kabla ya mvua ya jirani, alikuwa ametafuta kitu kizito cheusi cha kukifungia. Nyumba ile alikuwa ameirithi juzijuzi kwa bibi yake, Uwan Jarah, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa. Kwa watu wa huko nyumba humfuata binti, na mama yake Hasnida alishatangulia siku nyingi. Sanduku la marehemu lilikuwa bado chini ya kitanda, na juu kabisa ndani yake ilikunjwa shali nyeusi aliyokuwa akijifunga kiunoni akiitwa kwenda kuzalisha. Hasnida amelelewa kwa adabu. Hachukui cha mtu bila kuomba, awe hai awe kaburini. Akapiga magoti pale, tumbo na lote, akasema kwa sauti, "Uwan, naichukua hii shali yako. Naipokea."

Mjusi akalia darini, tak, tak, tak. Bibi yake alizoea kusema mjusi akilia ni jibu. Hasnida akatabasamu, akaenda kuifunga darubini yake.

Tangu jioni hiyo mvua ikawa haivuki seng'enge.

Jamani, nani angelalamika? Kila siku mawingu yalijaa mji mzima, na kila siku juu ya ua wa Hasnida lilifunguka duara la anga safi, nyota zimejaa. Alipiga picha kwa pupa. Mama Ngah, mdogo wa mama yake, alikuja na bakuli la mchuzi wa nazi na pilipili, akamkuta uani baada ya adhana ya magharibi amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Wewe mtoto una wazimu? Mja mzito anakaa nje saa hizi, kichwa wazi?"

"Nimejisomea Ayatul Kursi, Mama Ngah."

"Jisomee ukiwa ndani!" Akanusa hewa, pua zikamchezacheza. "Nani anatafuna tambuu hapa?"

Hapakuwa na mtu. Lakini harufu ilikuwapo, Hasnida naye aliisikia, harufu ya jani la tambuu na chokaa na popoo mbichi, harufu ya mdomo wa Uwan Jarah. Akasema labda ni jirani. Jirani yao alikuwa bwana Liew, fundi pikipiki, ambaye hajatafuna tambuu tangu azaliwe.

Picha ya kwanza ilipokamilika, Hasnida alipiga kelele ya furaha. Kuku alikuwa amejaa kioo cha kompyuta, shingo mbele, mbawa nyuma, mwekundu kwenye kingo na buluu kifuani. Fadhli akakubali kwamba kweli ni kuku. Ila kifuani pake palikuwa na tobo dogo jeusi, la ukubwa wa punje ya mchele.

"Vumbi," Hasnida akasema, akasafisha vichujio kwa brashi laini.

Picha iliyofuata tobo lilikuwa kubwa kuliko kidole. Akasafisha tena. Akageuza kamera upande, tobo likabaki palepale, halikuzunguka na kuku. Akabadilisha kichujio, nalo likawapo kwenye haidrojeni, kwenye oksijeni na kwenye salfa. Kila alipoongeza picha juu ya picha, kuku aling'aa zaidi na tobo likachimbika zaidi, na lilikuwa limeanza kupinda kama mtu aliyelala ubavu.

Wakati huohuo mtoto alianza kunyamaza. Mwanzoni ilikuwa ni zile jioni za kupiga picha tu; Hasnida akikaa uani tumbo linatulia. Baadaye asubuhi nako kimya. Kliniki, muuguzi alihangaika na kifaa chake muda mrefu, akakisogeza huku, akakisogeza kule, mpaka moyo ukasikika, polepole na kwa mbali.

"Yupo," akasema, lakini hakutabasamu. "Ila urudi kesho, Puan. Na kesho kutwa pia."

Hasnida alirudi nyumbani na picha ndogo ya mtoto iliyopigwa kliniki, akaiweka kando ya kompyuta. Alikuwa amechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hushika kazi aliyoizoea. Akafikiri, tobo halimo angani. Lingekuwa angani lingezunguka nilipogeuza kamera. Basi natoa kitu ambacho sikupaswa kukitoa. Akazifungua picha za giza.

Picha ya giza huwa haina kitu, weusi tu na vijidoa. Hii ilikuwa na mwanga katikati. Hafifu, lakini si doa. Akaiongeza nguvu kidogo, ukatokea mgongo. Akaongeza tena, kikatokea kichwa kikubwa, magoti yaliyokunjwa, mkono mdogo mbele ya uso. Akaitazama picha ya kliniki, akaitazama ya kwenye kioo, na zilikuwa picha moja, isipokuwa ya kliniki ilikuwa imefifia na ya gizani iling'aa vizuri, imenona, na alipozipitia zile za giza moja baada ya nyingine kuanzia jioni ya kwanza aliona namna umbo lile lilivyokua kutoka punje hadi mtoto mzima, jioni kwa jioni, ndani ya bomba lililofunikwa na kufungwa shali, mahali ambapo hakuna mwanga unaoweza kuingia.

Nyuma yake, uani, alisikia kch. Kimya. Kch. Ni mlio wa mkasi wa kukatia popoo.

"Fadhli," akaita kwa sauti ndogo. "Fadhli, usizime taa."

Mama Ngah hakungoja kuambiwa mara mbili. Kesho yake alimleta Pak Akob, mganga mwembamba mwenye kofia nyeusi, mtu anayeheshimika mpaka vijiji vya ng'ambo. Pak Akob hakuvuka mlango wa uani. Alisimama kizingitini akaitazama darubini pale ilipo, akavuta hewa puani, akarudi ndani na kukaa chini.

"Marehemu alikuwa na saka," akasema kwa sauti ya chini. "Jini la kurithi. Lilimsaidia kazi yake ya ukunga, nalo likawa linalishwa."

"Alikata roho kwa taabu," Mama Ngah akanong'ona. "Siku nyingi. Hamezi, hasemi, hafi. Mpaka wanaume wakapanda wakatoa vigae vya paa roho ipate njia, ndiyo akapumzika. Sisi sote tulikuwa tumekataa kulipokea. Tulijua limeenda zake."

"Halijaenda. Lilikuwa linangoja mtu wa kusema naam." Akamgeukia Hasnida. "Ulichukua kitu chake?"

"Shali. Lakini niliomba ruhusa kwanza!"

"Ulisemaje?"

Hasnida akakumbuka. "Nilisema naipokea."

Mama Ngah akajipiga kifuani. "Ya Allah! Adabu yako imetuua!"

"Saka la mkunga linataka mtoto," Pak Akob akasema. Hakuwa akimwangalia mtu usoni. "Linajijenga kwake. Akiisha wa tumboni, lenyewe litakuwa limekamilika. Njia nyepesi ipo. Ifunge shali vizuri, mpe mtu zawadi. Yeyote. Kuna wale wanawake wageni wanaofanya kazi viwandani, hawajui mambo yetu. Akiipokea kwa mkono wake, limemhamia."

Fadhli akamtazama mkewe. Na mimi sitamficha Fadhli, alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali. Mtu ukiambiwa mwanao anakwisha hufikirii vizuri.

Hasnida akasimama. "Yaani nikamtwishe mwenzangu? Naye akizaa, limle wa kwake?"

"Nimesema ni njia nyepesi."

"Niambie nzito."

"Mke wangu, tulia kwanza," Fadhli akasema.

"Sitatulia! Limeingia nyumbani kwangu kwa hila, limejificha kwenye kitu ninachokipenda, linamnyonya mwanangu, halafu nilifungashie na zawadi? Nzito, Pak Akob. Iseme."

Mganga akaitengeneza kofia yake. "Kila lilichokupa, ukirudishe. Chote. Ukibakiza hata kimoja umebaki mshirika wake. Mimi sijui lilikupa nini, unajua wewe." Akainuka bila kugusa kahawa yake. "Na litabembeleza. Halitakutisha, litakubembeleza. Hapo ndipo wengi wanashindwa."

Alipoondoka, Hasnida alikaa akiwaza, huku mkono uko tumboni. Lilinipa nini? Sijapata mali, duka liko vilevile. Akainua macho dirishani. Mbingu ilikuwa imefunga pande zote, mvua inapiga kwa bwana Liew, inapiga kwenye mashamba ya mpira kule bondeni, na juu ya ua wake jua la alasiri linawaka. Basi akaelewa. Lilimpa anga. Picha zote za kuku aliyekuwa akimlilia misimu yote, zile nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, zilikuwa chakula cha meza ya jini lile.

Akaenda chumba cha nyuma, akafungua kompyuta. Kabla ya hapo, nje, alikuwa ameifunua darubini, akaiacha mdomo wazi juani, shali akaitupa kwenye vumbi. Fadhli akasimama mlangoni, hajui aingie au atoke.

"Usiingie," akamwambia. "Lakini usiondoke."

Alianza na picha zilizokamilika. Kuku wa kwanza, futa. Wa pili, futa. Alilia, sisemi hakulia. Kisha za haidrojeni, za oksijeni, za salfa, na kadiri alivyofuta ndivyo chumba kilivyojaa harufu ya tambuu, na mlio wa mkasi ukawa hauko uani tena, uko ukutani, kisha uko chini ya meza. Hakuinama kuangalia. Zikabaki za giza. Akazichagua zote kwa pamoja, na kidole kilipokuwa juu ya kitufe ile ya mwisho ikajifungua yenyewe ikajaza kioo, mtoto mzima, anang'aa, safari hii mkono hauko mbele ya uso, na uso ulikuwa wa Fadhli kwenye nyusi na wa Hasnida kwenye midomo, uso aliokuwa akiuota kwa miaka mingi, na kutoka kwenye feni ndogo ya kompyuta ikatoka sauti laini, ya usingizini.

"Mama."

Kidole kikaganda.

"Mama, unanifuta? Mimi nipo huku. Huko tumboni hapana mtu tena, sikiliza mwenyewe, hapana anayecheza, yamebaki maji tu, mimi ndiye niliyetoka nikaja kwenye mwanga, na ukinifuta utakuwa umeniua kwa mkono wako, mama, niache nikae, nitakufungulia anga kila siku mpaka uzeeke."

Na kweli tumboni kulikuwa kimya. Hasnida alisikiliza kwa mwili wake wote, akasubiri hata mguso wa kidole, na hakikuja kitu, na hofu iliyompanda wakati ule sitaki hata adui yangu aionje, kwa sababu kama sauti ile ilisema kweli basi alikuwa karibu kumuua mwanawe, na kama ilisema uongo basi kila pumzi aliyokuwa akisitasita ilikuwa ikimnyonya, na hapakuwa na mganga, wala daktari, wala kichujio duniani cha kumtenganishia kweli na uongo.

Akavuta pumzi. Akaukaribia uso ule kwenye kioo, karibu kabisa, kama mwenye duka la dawa aliyeletewa cheti cha daktari cha kughushi.

"Mwanangu hajazaliwa," akasema. "Hajaota meno, hajaijua hewa, hajaambiwa hata jina lake. Wewe neno *mama* umefundishwa na nani?"

Feni ikanyamaza.

"Nakuuliza wewe! Umefundishwa na nani? Umelisikia kwa wangapi kabla yangu? Sikupokei! Anga yako hii hapa, chukua. Kuku wako huyu hapa, chukua. Shali ya bibi yangu niliipokea kwa adabu, wewe sikukukaribisha. Toka!"

Akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Kwenye weusi ule, kwa muda wa kupepesa jicho, akaona kilichokuwa nyuma ya uso wa mtoto, uso wa zamani sana usio na kope, mdomo mwekundu wa tambuu. Kisha kompyuta ikazimika, paa likagongwa mara moja kwa juu kana kwamba mtu kalikanyaga akiondoka, na mvua ikaanguka. Haikuanza kwa manyunyu. Ilianguka yote, ile ya wiki zote ilizonyimwa, ikaukung'uta ule ua mpaka vumbi likawa tope.

"Hasnida! Darubini inalowa!" Fadhli akachomoka mbio.

"Iache ilowe!"

"Vioo vyako!"

"Nimesema iache!"

Akatoka mwenyewe, kichwa wazi, akaikanyaga ile shali kwenye tope kwa visigino vyote viwili. Fadhli alimfuata, akamshika mabega, wote wawili wanatiririka maji. Wakasimama hivyo. Wakasimama mpaka meno yakaanza kuwagongana.

Ndipo Hasnida akajikunja ghafla.

"Nini? Unaumwa? Nini?"

Hakuweza kujibu. Aliuchukua mkono wa mumewe akaubandika ubavuni, na Fadhli akapigwa teke la kiganjani ambalo mpaka leo anasema lilimuuma.

Asubuhi Mama Ngah aliipeleka ile shali mto Muar, akaitupa bila kuigusa kwa mkono, kwa kijiti, huku akiitukana matusi ambayo mwanamke wa umri wake hapaswi kuyajua. Muuguzi wa kliniki safari hii hakuhangaika na kifaa.

Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Afrina. Darubini ilikauka, ikabaki na ukungu kwenye kioo kimoja. Msimu wa kuku uliporudi, mawingu nayo yalirudi kama kawaida, na Hasnida akawinda kama zamani, vipicha vichache kwenye upenyo mdogo, kisha wingu, kisha radi. Kuku aliyempata alikuwa mwembamba, ana chengachenga, bawa moja halionekani. Kifua chake kilikuwa kizima. Amemtundika sebuleni, na Fadhli huwaonyesha wageni wote.

Kifuniko alinunua kipya. Jioni moja, Afrina amelala kwenye kitambaa begani, Hasnida alikuwa akipitia picha za giza alizotoka kuzipiga. Weusi, weusi, weusi. Kwenye moja, pembeni kabisa, palikuwa na kijimwanga cha ukubwa wa punje ya mchele. Harufu ya tambuu ikapita puani mwake, nyepesi, ya mtu anayechungulia mlangoni.

Hakupiga kelele. Alimweka mtoto vizuri begani, akasogeza uso kwenye kioo.

"Sikupokei," akasema. "Na huyu nitamfundisha neno hilo kabla ya *mama*."

Akaifuta. Juu ya paa tone la kwanza likagonga, kisha la pili, na Hasnida akatoka kwenda kuanua darubini yake huku mvua ikishuka, inapiga kwa bwana Liew, inapiga na kwake.